Wakuu, albamu gani imerekodiwa vizuri ya kujaribia spika?

ZabibuNyeusi (Area D, Dodoma)
Wakuu, habari za jioni. Nina spika mbili za inchi 6.5 na amplifaya ya wati 50 kila upande. Chumba ni mita 3 kwa 3, sakafu ya vigae, pazia jepesi, silingi bodi ipo. Nyimbo zilizomo kwenye flashi zinasikika kama zimefunikwa blanketi, na besi inavuma nota moja tu. Naomba mnitajie albamu ambazo wajuzi wanakubali zilirekodiwa vizuri, na mniambie nisikilize nini ndani yake, maana kuambiwa "hiyo kali" hakunisaidii. Za nyumbani zikiwemo nitashukuru. Pia naulizia kama ninunue sabufa. Nawasilisha.

Fundi_Makulu
Sabufa iache kwanza mkuu. Una matatizo mawili na kila moja lina dawa yake.

Blanketi limo kwenye flashi. Nyimbo nyingi za vibandani zimetolewa YouTube, zikageuzwa MP3 ya kbps 128, kisha nyingine zikapandishwa hadi 320 ili faili lionekane nene. Kupandisha hakurudishi kilichokwisha kukatwa. Pakua Spek kwenye kompyuta, ni bure, buruta wimbo humo utazame picha ya masafa yake, besi chini na sauti nyembamba juu. Rangi ikikatika ghafla usawa wa kHz 16, mstari umenyooka kama umepigwa rula, hiyo ni 128 hata ikiandikwa nini. CD halisi inafika karibu kHz 22. Dakika moja ya CD ni kama MB 10, na FLAC inaipunguza hadi karibu nusu bila kupoteza chochote. Lakini usidanganywe na ukubwa peke yake: FLAC iliyotengenezwa kutoka MP3 nayo inakuwa nene. Ndiyo maana nasema Spek kwanza.

Besi ya nota moja ni chumba. Chukua 343, ambazo ni mita inazokwenda sauti kwa sekunde, ugawe kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Mita 3 inakupa kama Hz 57, yaani nota ya besi ambayo chumba chenyewe kinaivumisha, na kwa kuwa pande zote mbili ni sawa, zote zinavumisha palepale. Silingi nayo ikiwa mita 3, basi umekamilisha balaa. Sabufa hapo ni kumwaga petroli kwenye moto.

Toa spika kwenye kona. Ziache kama sm 50 kutoka ukuta wa nyuma yake, twita (kile kispika kidogo cha sauti za juu) usawa wa sikio, na umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kutoka kila spika hadi kichwani kwako. Usikae umeegemea ukuta, besi itakuzidi. Wala katikati kabisa ya chumba, pale Hz 57 inapotea. Anzia kama mita 1.1 kutoka ukuta wa nyuma yako, halafu sogeza kiti sm 10 kwa 10. Mkeka hausaidii besi hata kidogo, unapunguza mlio wa juu tu unaorukaruka kwenye vigae. Godoro la zamani likisimamishwa konani linasaidia kiasi.

IlimbaSikivu (Chamwino)
Anza na ya hapahapa: Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, *Chibite*, lebo ya Real World, 1996. Siitaji kwa uzalendo. Piano ya kwenye albamu ya Marekani hujui ilivyokuwa inalia mle studio, kwa hiyo utasema spika zako zinasema kweli kwa kipimo gani? Ilimba, kile kisanduku cha Wagogo chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, unaweza kuja Chamwino ukaisikia bila maiki wala waya, ukarudi mjini nayo masikioni.

Sikiliza nota moja moja. Kwanza kuna pigo la ulimi wa chuma, halafu kuna mzizimo, ile "zzz" ya utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la kisanduku. Kwenye mtambo mzuri "zzz" imeshikana na nota yake, inazaliwa nayo na kufa nayo. Kwenye MP3 mbovu au twita iliyochoka inajitenga, unasikia kama vitumbua vinakaangwa nyuma ya wimbo. Tahadhari: asiyeijua ilimba akisikia mzizimo huo hudhani spika imepasuka. Usije ukairudisha dukani bure!

Baada ya hapo nenda kwenye zeze. Mkwaruzo wa upinde usikike ni nywele zinazopita kwenye uzi, usiwe mluzi. Ukimaliza, tafuta *Mkuki wa Rocho* ya 2002, Hukwe pamoja na Charles Zawose. *Assembly* aliyoifanya na Michael Brook ni nzuri pia, ila ina gitaa na mitambo ya umeme. Iweke kwa starehe, usiipimie uhalisi wa chombo.

SahaniNyeusi
Naunga mkono, na naongeza za nje.

*In the Heart of the Moon* ya Ali Farka Touré na Toumani Diabaté, 2005. Ilirekodiwa Bamako, Hoteli Mandé, kando ya mto Niger, si kwenye studio ya kudumu. Gitaa na kora zote ni nyuzi na zinapishana masafa yaleyale, hivyo mtambo dhaifu unazichanganya kuwa uji. Ukiweza kumfuata Toumani, mpiga kora, peke yake wimbo mzima bila kumpoteza, spika zimefaulu.

*Kind of Blue* ya Miles Davis, 1959, ilipigwa kwenye studio ya Columbia iliyokuwa kanisa. Sikiliza hewa ya ukumbi baada ya tarumbeta kunyamaza. Angalia toleo: mashine iliyorekodi nyimbo za upande wa kwanza ilikuwa inazunguka taratibu kidogo, kwa hiyo matoleo ya zamani upande huo unalia juu kuliko ulivyopigwa. Walirekebisha 1992.

Kwa besi, *Thriller* ya 1982 inatosha. Fundi wake Bruce Swedien alieleza kwamba "Billie Jean" ilimiksiwa mara 91, mwishowe wakarudi kwenye miksi ya 2. Ngoma ya mguu na gitaa la besi visikike vitu viwili. Vikiungana kuwa mvumo, rudi kasome alichoandika Fundi.

BitiZaNkuhungu
Mbona hakuna aliyetaja rekodi za Radio Tanzania? Zile bendi za zamani zilipigwa zote kwa pamoja, uwiano ukapatikana kwa kumsogeza mtu karibu au mbali na maiki. Besi ni hafifu, sawa, lakini sauti za waimbaji ziko hai kuliko nyingi za leo.

Bongo Fleva mpya usipimie. Miksi nyingi zinabanwa na limita, mtambo unaozuia sauti kubwa isipande, mpaka kishindo na mnong'ono vinalingana. Zinasikika kali kwenye daladala, nyumbani zinachosha. Kabla ya kulinganisha nyimbo mbili, sawazisha sauti kwanza. Weka programu ya desibeli kwenye simu, iache pale unapokaa, zote ziwe karibu dB 75. Tofauti ya dB 1 au 2 tu inatosha kukufanya uone wa juu ndio bora.

SahaniNyeusi
Za Radio Tanzania nakubali kwa sauti za watu mkuu, lakini nakala nyingi mitaani zimetoka kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti. Huwezi kujua kosa ni la spika au la kaseti.

ZabibuNyeusi
Shukrani wakuu. Spek imeonyesha ukuta wa kHz 16 kwenye nyimbo karibu zote. Nikipata *Chibite* halisi, nicheze kutoka simu kwa bluetooth inafaa?

Fundi_Makulu
Tumia waya wa AUX kama simu ina tundu, bluetooth nayo inabana tena. Sauti ya simu iweke kama asilimia 90, ya amplifaya ipandishe taratibu kuanzia sifuri. Ukifanya kinyume, amplifaya inakuza na mnong'ono wa simu, utadhani ni "zzz" ya ilimba.