Anguko la Fumo Liyongo: lawama imwelemee mfalme, mwana au shujaa mwenyewe?

Mpenzi wa Tenzi (mwanzilishi wa mada)

Ndugu zangu, nimerudia kusoma utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa Waswahili, alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, na kwa mara nyingine nimekwama pale pale ninapokwama siku zote: baba amelala, mwana amemkaribia na sindano ya shaba mkononi, nami msomaji ninajua kitovu ndipo mahali pekee ambapo mwili ule unaweza kudhurika. Naomba tulinganishe watuhumiwa watatu, tena kwa makini, kwa maana mijadala mingi ya kisa hiki huishia kumlaani mmoja na kuwasahau wengine.

Yupo mfalme wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, aliyehofia kwamba Liyongo angemnyang'anya enzi, akamwandama kwa hila baada ya hila. Yupo mwana, aliyeahidiwa uwaziri na binti wa mfalme, akaenda kumwuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumwua. Na yupo Liyongo mwenyewe, ambaye aliulizwa swali la kutisha kiasi hicho na akalijibu.

Mimi namlaumu mwana kuliko wote. Mfalme alikuwa adui aliyejulikana, na uadui wake haukumshangaza mtu. Mwana aliingia kwa mlango ambao adui asingeweza kuupitia, yaani mapenzi ya baba, na akautumia mlango huo kwa kazi ya adui.

Mwalimu wa Fasihi

Ndugu Mpenzi wa Tenzi, nakuheshimu, lakini nadhani umeanza kuhesabu katikati ya kisa. Kabla mwana hajatajwa kabisa, mfalme alikwisha kujaribu. Kumbuka mpango wa mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi wenye matunda yaitwayo makoma: wenzake Liyongo, kwa kutumwa na mfalme, walipatana kwamba kila mmoja angepanda kwa zamu kuangua makoma, ili zamu ya Liyongo ikifika na akiwa juu, wamfume kwa mishale. Zamu yake ilipofika hakupanda. Alisimama chini, akavuta uta wake na kuyaangusha makoma kwa mshale. Kisha akatiwa gerezani, na huko akamtumia mama yake ujumbe ndani ya wimbo, kupitia kwa kijakazi Saada, kwamba aoke mkate na kuficha tupa ndani yake. Usiku wa ngoma ya gungu, kelele za ngoma na za waimbaji zikafunika sauti ya tupa ikikereza pingu.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu yana uzito katika hoja yetu. Mtu anayejaribu kuua, akashindwa, akajaribu tena, akashindwa, hatimaye atampata mtu wa kumtuma. Kama asingekuwa mwana, angekuwa rafiki, mke au mtumwa. Kijana huyo naye alizaliwa kutokana na mapatano ya wakubwa, kwa kuwa Wagala, kabila jirani, walivutiwa na nguvu za Liyongo, wakataka mbegu yake kwao, na mfalme akalisimamia jambo hilo. Je, mtu aliyezaliwa kwa shauri la wengine na kukulia baina ya jamaa mbili tutamtwika mzigo wote peke yake? Mkono uliochoma ni wa mwana, lakini nia ilifuliwa Pate.

Binti Mwandani

Naona nyote wawili mnampitia Liyongo kwa haraka, kana kwamba yeye ni jengo lililobomolewa na wengine. Shujaa wa tanzia hutofautiana na mhanga wa kawaida kwa jambo moja, kwamba mkono wake mwenyewe umo katika kuanguka kwake. Aristotle aliliita jambo hilo hamartia, na neno hilo la Kiyunani lina uhusiano na kitenzi kilichotumika kwa mrushaji anayekosa shabaha. Sijapata mfano unaolifaa neno hilo kuliko Liyongo, mpiga mishale ambaye hakukosa hata koma juu ya mti, lakini akakosa mara moja tu, mbele ya mtoto wake.

Mlinganisheni na Samsoni. Delila alimwuliza siri ya nguvu zake, na Samsoni akamdanganya mara tatu kabla ya kusema kweli, huku kila uongo ukimwonyesha wazi kwamba mwanamke yule anamtegea mtego kwa ajili ya Wafilisti. Samsoni alionywa mara tatu, hivyo kosa lake ni la mtu aliyechoshwa na kusumbuliwa hadi akaacha kujilinda. Liyongo hakudanganya hata mara moja. Aliulizwa, akasema: sindano ya shaba, kitovuni.

Hapa ndipo masimulizi yanapotofautiana kwa namna inayobadilisha hukumu yote. Katika baadhi ya masimulizi Liyongo anatambua kwamba mwana ametumwa na kwamba anadanganywa, na bado anamwambia. Tukilikubali simulizi hilo, basi hakukosa shabaha; alichagua. Baba anayemficha mwanawe siri ili aishi amekwisha kumhesabu mwanawe kuwa adui, na pengine Liyongo aliona heri kufa akiwa baba kuliko kuishi akiwa mlinzi wa nafsi yake dhidi ya damu yake. Kwa hiyo natenganisha mambo mawili ambayo tumeyachanganya tangu mwanzo: anawajibika, kwa sababu neno lilitoka kinywani mwake kwa hiari, lakini halaumiwi, kwa sababu kumwamini mwana si dhambi hata pale mwana asipostahili.

Msomaji wa Usiku

Mbona hamuwataji wale waliopanda mkoma? Walikula pamoja naye, wakacheka pamoja naye, na kila mmoja aliyeteremka mtini alijua kwa nini amepanda. Hakuna hata mmoja aliyemnong'oneza. Mimi nawaweka mbele ya mwana, kwani wao hawakuahidiwa uwaziri wala binti wa mfalme.

Mpenzi wa Tenzi

Dada Binti Mwandani, utenganisho wako wa kuwajibika na kulaumiwa umenisaidia sana, na nakiri kwamba nilikuwa nikimpima Liyongo kwa mzani usiofaa. Siwezi tena kusema alikosea kujibu.

Hata hivyo, Mwalimu, kuhusu mwana sijasogea. Unasema alikuwa chombo. Chombo hakina nafasi ya kufikiri, ilhali kijana huyu aliipata, tena kubwa. Aliuliza, akajibiwa, akarejea Pate kupeleka habari, kisha akafunga safari ya pili akiwa na sindano. Kati ya jibu la baba na kuchomwa kwa baba kuna njia nzima ya kwenda na kurudi, na kuna muda wa kumngoja mzee apitiwe na usingizi. Mfalme hakuwa pembeni yake katika hatua hizo. Mtazameni Edipode, mfalme wa tanzia ya Kiyunani, aliyemwua baba yake njiani bila kumjua, na alipojua akajipofusha kwa mikono yake. Yeye hakujua na bado akaibeba adhabu, na huyu wetu alijua kila kitu akaitazamia zawadi. Wala hiyo zawadi hakuipata. Jambo hilo halimpunguzii lawama, bali linaonyesha jinsi mfalme alivyomthamini tangu mwanzo.

Mwalimu wa Fasihi

Hoja ya safari mbili ni nzito, nami naikubali: mwana alikuwa na muda wa kutubu na hakuutumia. Lakini naomba turudi kwa Ndugu Msomaji wa Usiku, ambaye ameandika maneno machache na kugusa penye kidonda, kwa maana utenzi wenyewe unaonekana kumuunga mkono.

Liyongo alipochomwa aliamka, akashika uta na mshale wake, akaenda hadi kwenye kisima ambako watu huteka maji, akapiga goti na kuuvuta uta. Akafa katika hali hiyo. Watu walimwona kwa mbali wakadhani yu hai, wakaogopa kusogea, na kiu ikawashika mji mzima hata wakamwendea mama yake wamwombe ambembeleze mwanawe. Mwana aliyemchoma alikwisha kukimbia; mshale haukuelekezwa kwake. Ulielekezwa kwenye njia ya kisimani, waliyozoea kuipita kila siku na mitungi yao wale waliojua habari ya mkoma na wale ambao hawakuuliza.