Wateja wakaushe mikono na nini: taulo, mashine au tishu?

MamaRehema_Busia: Habari zenu wapendwa. Nina mkahawa hapa Busia, upande wa Uganda. Wateja wengi ni madereva wa malori, na posho, yaani ugali, wanakula kwa mkono. Nje nimeweka jerikeni ya bomba, sabuni, na taulo moja msumarini. Ikifika saa nane mchana imelowa chepechepe na pindo limekuwa jeusi. Mmoja ananiuzia mashine ya upepo, mwingine anasema tishu. Nishike lipi?

Okello_Tororo: Mashine, mama. Unalipa mara moja. Tishu ni gharama ya kila siku, na takataka zinajaa uani.

SistaAisha: Mama Rehema, hiyo taulo iondoe leo hii. Mimi ni nesi na jambo hili linanikera sana: mtu ananawa vizuri, kisha anajifuta uchafu wa wote waliomtangulia. Mkono mbichi hushika na kuambukiza vijidudu upesi kuliko mkavu, kwa hiyo kukausha ni sehemu ya kunawa.

Kaka Okello, mashine zinatofautiana. Zile za upepo mkali hurusha matone. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walipima mwaka 2014 wakakuta hewa iliyozizunguka ina bakteria mara 27 ya hewa ya penye tishu, na mara 4.5 ya penye mashine za hewa ya moto. Tuseme yote lakini: waliogharamia ni watengenezaji wa tishu wa Ulaya, na mikono ilipakwa bakteria makusudi, kuiga mtu asiyenawa vizuri. Wakati wa korona, Shirika la Afya Duniani lilikubali tishu na hewa ya moto pia. Ila umeme ukikatika saa ya chakula, madereva watajifuta kwenye suruali.

Kwako naona tishu, mhudumu akimpa kila mteja yake, na ndoo ya taka yenye mfuniko wa kukanyaga. Zikikushinda bei, kata vitambaa vidogo vya pamba, kila mtu chake, kikitumika kinaingia beseni la kufuliwa.

MamaRehema_Busia: Asante sista, vitambaa naviweza. Nivifue na nini?

SistaAisha: Maji ya moto na sabuni, halafu uvianike kwenye jua kali. Kikibaki kibichi jioni, asubuhi usimpe mteja, hata kama kinanukia sabuni.