Naombeni ushauri: Mwanza–Dar–Muscat, muda wa ndege napigaje hesabu yake?

Msukuma Mpole: Wakuu, habari za jioni. Nina safari na roho iko juu. Umbali wa uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, na muda wa kuruka, vinapigiwaje hesabu? Ni Mwanza–Dar, kisha Dar–Muscat. Nimepima kwenye ramani kwa rula, majibu hayaeleweki.

Kobe wa Pwani: Panda basi. Shinyanga, Singida, unakula kuku wa kienyeji. Kwenye ndege utapewa karanga.

Fundi Antena: Rula weka kando, dunia ni mviringo. Chukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili, uziingize kwenye kikokotoo cha mtandaoni. Mwanza–Dar ni kama km 850, Dar–Muscat karibu km 3,970. Kwa jeti gawa kwa 800, ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Muscat inakuja kama masaa matano na nusu. Bombadia ya Mwanza, ile ndege ya pangaboi, gawa kwa 600. Tena Oman wako mbele yetu saa moja, kwa hiyo ukisoma saa za tiketi utadhani ni masaa sita na nusu.

Mama Dagaa: Mimi nilimpelekea dada yangu Muscat dagaa wa Mwanza. Ndege nzima ilinigeukia! Umbali sikuuliza, nililala.

Mzee wa Kaunta: Mtoa mada, kilomita ni kazi ya rubani. Weka saa za tiketi hapa.

Msukuma Mpole: Haina haja mkuu, muda ninao wa kutosha.

Mzee wa Kaunta: Weka.

Msukuma Mpole: Haya. Ni tiketi mbili tofauti. Mwanza naondoka tarehe 15 saa moja jioni. Ya Muscat imeandikwa 04:10, tarehe 15. Nina usiku mzima wa kusubiri, nilitaka tu kujua Bombadia ikichelewa bado nitawahi. Na ya Mwanza nimeshalipa, ilikuwa bei ya kutupa.

Mzee wa Kaunta: 04:10 ni saa kumi alfajiri, na tarehe ya tiketi inageuka saa sita usiku. Huo ni usiku wa kuamkia 15. Wewe unapanda Mwanza jioni, wenzako wametua Muscat tangu asubuhi.

Msukuma Mpole: Usiku wa tarehe 15 ni usiku wa tarehe 15, tusikuze mambo. Aliyenikatia ni mzoefu.

Jicho la Ng'ombe: Chai hii. Mwezi jana huyu alikuwa Mbeya anatafuta dawa ya kuku wanaohara, leo anakwenda Uarabuni?

Msukuma Mpole: Kuku ni wa shemeji. Binadamu anahama.

Kobe wa Pwani: Chai ya tangawizi! Dalali huyo, subirini ataweka namba ya "tiketi nafuu".

Mama Dagaa: Chai au si chai, mwanangu, hiyo ya Mwanza isogeze iwe tarehe 14 mchana. Tiketi zikiwa mbili, begi unalichukua mwenyewe Dar, unaanza upya Jengo la 3, na za nje wanataka ufike masaa matatu kabla. Dagaa ufunge vizuri.

Msukuma Mpole: Sijasema nimekosea. Nauliza tu: kubadilisha tarehe wanakata shilingi ngapi, na Jumapili ofisi zao huwa wazi?