Tujenge mitambo ya kuchoma taka, au tuanze na ndoo ya jikoni?

Wadau, kila madampo yanapojaa jibu huwa lile lile: nchi ijenge mitambo ya kuchoma taka, tupate na umeme. Mfano unaotajwa ni Sweden, iliyopiga marufuku kuzika taka zinazoungua mwaka 2002, na mwaka 2005 ikaongeza taka zinazooza kwenye marufuku hiyo. Sibishi, wamefanikiwa. Ninachopinga ni nchi yenye taka mbichi kuanzia pale walipofikia wao.

Fungua mfuko wa taka wa nyumba inayopika kila siku. Maganda, majani ya chai, mabaki ya jana, na chini kabisa chupa ya plastiki iliyolowa mchuzi. Mfuko unadondoka maji kabla haujafika mlangoni. Katika nchi za kipato cha chini, zaidi ya nusu ya taka ndiyo hiyo. Ukiitia kwenye tanuri, moto unaanza kwa kukausha maji, na mara nyingi lazima usaidiwe na mafuta. Kisha linabaki jivu, kama moja ya tano ya uzito, na jivu laini linalonaswa kwenye moshi lina sumu. Litazikwa wapi kama si dampo?

Kinachonikera zaidi ni mikataba. Mwenye mtambo hutaka ahakikishiwe tani kadhaa kwa miaka ishirini na zaidi. Siku wananchi wakipunguza taka, halmashauri inalipia tani ambazo hazikupelekwa! Yaani tunaadhibiwa kwa kufanya vizuri.

Taka hizo hizo za jikoni, zikifukiwa pasipo hewa, hutoa methani, gesi inayopasha dunia joto takribani mara 80 kuliko kaboni dioksidi katika miaka 20. Kwa hiyo zikitengwa tu, zikawa mboji au gesi ya kupikia, dampo linapoteza sehemu kubwa ya uzito wake na ubaya wake.

Korea Kusini walikwenda njia hiyo. Mwaka 2005 walikataza mabaki ya chakula kuzikwa, na kuanzia 2013 kaya zikalipia kwa kadiri zinavyotupa. Kwenye majengo mengi ya ghorofa unagusisha kadi, pipa linafunguka, linapima, unaandikiwa deni. Watu wakajifunza kukamua maji kwanza, maana maji nayo yana uzito.

Najua mtasema watu hawatengi taka. Hutenga, ila huacha siku wanapoona lori moja likichanganya vyote. Nani ataosha chupa baada ya hapo? Sera ianzie kwenye lori, elimu kwa umma ifuate.

Kuna wanaotaka tozo ya dampo ipandishwe tu, kama Uingereza, iliyoanza na pauni 7 kwa tani mwaka 1996 na sasa imevuka pauni 100. Inafanya kazi, lakini pasipo ukaguzi, taka humwagwa mtoni usiku.

Pale ninapokwama ni kwa waokotaji. Chupa na vyuma wanavyochambua damponi ndiyo riziki yao, na tukitenga majumbani, mali hiyo inaingia kwenye lori la mkandarasi. Wengine husema waajiriwe humo humo, wengine wapewe vyama vyao na haki ya kukusanya mtaa kwa mtaa. Mimi naelemea hili la pili, ila sijui nani atawalipa miezi ambayo bei ya plastiki imeanguka. Mwenye wazo?