Mnaosema It Follows "haina kitu", mliangalia nini hasa?

Wakuu, heshima kwenu.

Sikupanga kufungua uzi usiku huu. Nimetoka kusoma maoni ya watu kuhusu It Follows, ile filamu ya kutisha, kurasa kwa kurasa, na usingizi umekata. "Muvi imepoa." "Jini lenyewe linatembea tu, si ukimbie?" "Mwisho haueleweki, bando langu limekwenda bure." Mmoja kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba aliipeleka mbele mbele hadi mwisho na hakuona cha kutisha. Mkuu, umeipeleka mbele filamu ambayo kitisho chake chote kiko kwenye kusubiri, halafu unakuja kutoa hukumu! Ni sawa na mtu aliyefunua sufuria mchele haujaiva, akaonja, akatangaza mtaani kwamba mpishi hajui pilau.

Kwa ambao hawajaiona: imeongozwa na David Robert Mitchell, ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2014 na kuingia majumba ya sinema Marekani Machi 2015. Steringi ni Jay, msichana wa Detroit, kaigiza Maika Monroe. Anatoka na kijana anayeitwa Hugh, wanalala pamoja kwenye gari, na baada ya hapo yule kijana anambana puani kitambaa chenye dawa ya usingizi. Jay anazinduka amefungwa kwenye kiti cha magurudumu ndani ya jengo lililotelekezwa. Hapo anaambiwa masharti. Kuna kitu kitakufuata. Kinatembea, hakikimbii, lakini hakisimami. Kinaweza kuja na sura ya mtu usiyemjua au ya mtu unayempenda. Wengine hawakioni, unakiona wewe na wale waliokuwa nacho kabla yako. Ukilala na mwingine kinamhamia yeye, na akishauawa kinarudi kwako. Basi. Filamu nzima inasimama juu ya maneno hayo machache, na hakuna mganga wala padri anayekuja kuongeza maelezo.

Sasa "si ukimbie?" Wanakimbia! Wanapanda gari wanakwenda hadi nyumba ya ziwani, na kitu kinawafuata huko huko. Hebu tupige hesabu pamoja. Mtu anayetembea kawaida anakwenda kama kilomita 5 kwa saa. Kutoka Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Ukiwasha gari ukakimbilia Moro, una saa 38. Siku moja na nusu tu. Ndani ya saa hizo ule, uoge, ulale ukiweza, na kila mtu anayetembea kuja upande wako ni lazima umtazame mara mbili, kwa sababu kinaweza kuwa ni kile. Halafu uondoke tena. Na kesho kutwa tena. Aliyeona hilo ni jambo dogo hajawahi kudaiwa, wala kuugua ugonjwa wa muda mrefu, wala kumsubiri mtu hospitali usiku. Mitchell mwenyewe amesema wazo lilitoka kwenye ndoto mbaya iliyokuwa ikimrudia utotoni, ya kufuatwa na mtu anayekuja polepole. Ndoto ya aina hiyo wengi wetu tumewahi kuota.

Kinachonikera zaidi ni watu kutojua kwamba filamu hii inatazamwa kwa macho yote mawili. Tumezoeshwa: muziki unapanda, kamera inamsogelea mtu, pah! kinatokea kitu, tunashtuka. Hapa mpiga picha, Mike Gioulakis, kapiga kwa upana. Jay yuko mbele anaongea, na nyuma yake kuna uwanja, miti, barabara, watu wanapita. Hakuna anayekunyooshea kidole kukwambia utazame wapi. Kuna mahali wanakwenda shule moja kutafuta jina halisi la yule kijana. Kamera inaanza kuzunguka taratibu pale kwenye korido, duara kamili na zaidi, wanafunzi wanapita, Jay na mwenzake wako ofisini wanauliza. Ukitazama dirishani kuna msichana uwanjani anatembea. Kamera inapozunguka tena, yule msichana yuko karibu zaidi. Hakuna mhusika anayelizungumzia, na filamu inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mara ya kwanza sikumwona. Mara ya pili nilisimama kutoka kwenye kochi.

Wewe uliyeangalia kwenye simu, mwanga umepunguza kuokoa chaji, uko kwenye daladala umeshika bomba kwa mkono mmoja, ulimwona? Hukumwona. Basi ulichokiangalia wewe ni vijana wanaotembea tembea, na ni kweli hicho hakina kitu.

Nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mimi filamu hii niliiona kwanza ikiwa imetafsiriwa, yaani mtu anaongea Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Nilinunua kwenye duka moja la muvi, ikawekwa kwenye flashi, nikaenda nayo nyumbani nikaangalia na mdogo wangu. Na mniwie radhi, mimi ni mtoto wa kibanda umiza. Nimekua na muvi zilizotafsiriwa, nimekaa kwenye mabenchi yale tangu darasa la tatu, na kuna watafsiri ambao sauti zao zilinifundisha kupenda filamu kabla sijajua neno moja la Kiingereza. Siwadharau hata kidogo. Lakini huyu wa siku ile alituibia.

Filamu inaanza jioni, mtaa umetulia. Binti mmoja, si Jay, anatoka nyumbani mbio, amevaa kaptula na viatu vya kisigino kirefu. Anatazama nyuma. Jirani anamuuliza kama yuko salama. Baba yake anatoka, anamuuliza, naye anajibu hakuna shida huku anarudi nyuma hatua kwa hatua kutoka kwenye kitu ambacho sisi hatukioni. Anachukua gari, anakwenda ufukweni, anakaa mchangani mbele ya taa za gari, anampigia baba yake kumwambia anampenda. Asubuhi maiti yake iko pale, mguu umevunjwa ukageuzwa. Hatujaonyeshwa muuaji. Mitchell kaamua kwa makusudi kutuacha na swali. Mtafsiri wetu alikuwa keshamaliza kila kitu ndani ya dakika moja: "Sasa hapa binti kaliona jini la ukoo, linamfuata, hapa anakimbia, sasa hapa litamuua." Aliongea juu ya kila kimya. Kila mahali filamu ilipovuta pumzi, yeye alijaza maneno.

Na muziki! Kazi ya Disasterpeace, yule Rich Vreeland aliyekuwa amejulikana kwa muziki wa gemu ya Fez ya mwaka 2012. Muziki wa kinanda cha umeme unaovuma kama transfoma iliyozidiwa, unapanda hadi unahisi kifua kinabana, halafu unakatika. Kwenye nakala ile ulikuwa umezikwa chini ya sauti ya mtu mmoja. Nilikuja kuusikia kwa mara ya kwanza miaka kadhaa baadaye, kwa hedifoni.

Lakini hayo yote ningesamehe. Lisilosameheka ni la bwawani. Karibu na mwisho wale vijana wanaweka mtego kwenye bwawa kubwa la kuogelea. Jay yuko ndani ya maji, anakiona kitu kimeingia. Wenzake wanamuuliza kina sura gani. Anakataa kusema. Uso wake peke yake ungetosha kumfanya mtu aweke chini kikombe cha chai. Sisi watazamaji tunakiona kina sura ya mzee, na mtafsiri akasema yule mzee ni mganga aliyetuma jini. Mimi na mdogo wangu tukaamini hivyo, mganga amekuja mwenyewe kumaliza kazi. Miaka yote nimewasimulia watu kwamba mle ndani kuna mganga.

Ni baba yake.

Kitu kimekuja na sura ya baba yake Jay, ambaye hayupo nyumbani, na filamu haisemi yuko wapi. Kuna picha ya familia nyumbani kwao, anaonekana humo. Hakuna mazungumzo yanayoeleza, ni picha tu. Nilipoiona nakala isiyotafsiriwa na kuitambua ile sura, nilisimamisha filamu, nikarudisha nyuma hadi bwawani, nikaangalia tena kimya chake Jay pale majini. "Sitaki kusema." Binti yuko karibu kufa na bado hawezi kutamka mbele ya marafiki zake kwamba anayemrushia vitu ili amuue ana sura ya baba yake. Hicho ndicho kiini cha maumivu ya filamu hii, na mtu mwenye maikrofoni alikichukua akatuwekea mganga mahali pake. Nilirudi pale dukani, miaka imeshapita, kumwambia mwenye duka. Akanijibu kwamba wateja wanataka mtu aongee, muvi ikikaa kimya wanarudisha flashi. Sikuwa na la kumjibu wakati ule. Leo ninalo: mmewazoesha nyinyi.

Tuje kwa wahubiri. Kila uzi kuhusu filamu hii lazima atokee wa kusema "ni muvi ya ukimwi, inafundisha vijana watulie." Unaweza kuisoma hivyo, sikatai, kitu kinahama kwa kulala na mtu. Ila ugonjwa hauponi kwa kumwambukiza mwenzako, na hapa kumpa mwingine ndiyo njia pekee ya kupata nafuu. Ukikaa na jambo hilo utaona filamu inauliza swali gumu zaidi ya "tulia": uko tayari kumfanyia nani hivyo ili uishi wiki moja zaidi?

Na kuna walioandika kuhusu Jay maneno ambayo sitayarudia hapa. "Angetulia yasingemkuta." Ndugu zangu, huyu msichana alitoka na kijana aliyemwamini. Kijana huyo hakumpa hata jina lake halisi, anaitwa Jeff. Kamlaza kwa dawa, kamfunga kwenye kiti, kisha kamtupa barabarani mbele ya nyumba yao akiwa na nguo za ndani. Mnaona yote hayo kwa macho yenu halafu mnayemtukana ni yeye? Jeff hamjamwandikia hata sentensi moja. Nina dada wawili. Nikisoma maoni kama hayo najua watu wa kuogopa wako mtaani kwetu, hawana haja ya kutoka kwenye filamu.

Mwingine kalalamika "Marekani gani hii, nyumba mbovu, televisheni za mgongo, wamekosa bajeti." Bajeti ilikuwa ndogo kweli, haikuzidi dola milioni 2, na ikaingiza zaidi ya milioni 20. Lakini zile televisheni za mgongo hazikuwekwa kwa umaskini. Mitchell kachanganya nyakati makusudi, ndiyo maana Yara, rafiki yake Jay, anasoma kitabu kwenye kifaa chenye umbo la kombe la baharini ambacho hakipo duniani. Nyumba mbovu ni za kweli. Detroit ilikuwa na watu karibu milioni 1.85 mwaka 1950, na hesabu ya 2010 ikakuta kama laki 7 tu. Julai 2013 jiji likatangaza kufilisika. Jay anaambiwa masharti kwenye magofu ya kiwanda cha magari cha Packard. Na wakielekea bwawani Yara anakumbuka wazazi walivyomkataza utotoni kuvuka barabara ya 8 Mile, kwa sababu hapo ndipo jiji linaanza na kitongoji kinaishia. Watoto waliofundishwa kuogopa upande wa pili wa barabara, na kitu kinachowaua kinatembea pande zote mbili. Sijaona maoni hata moja yaliyogusa hapo.

Sisemi filamu haina kasoro, na aliyeileta kasoro yake baada ya kutazama kwa makini ninamheshimu. Mtego wa bwawani ni dhaifu. Muda wote kitu kinatembea na kushika kwa mikono, ghafla kinasimama pembeni ya maji kurusha televisheni na vifaa vya umeme kama mtu mwenye akili za kupanga. Mwongozaji filamu Quentin Tarantino alilalamika jambo la aina hiyo mwaka 2015, kwamba filamu inavunja masharti yake yenyewe. Nakubaliana naye, na inaniuma kwa sababu saa nzima kabla ya hapo hakuna uzi uliolegea. Mdogo wangu yeye anasema mpango ule ni wa kitoto kwa kuwa wapangaji ni watoto na hakuna mtu mzima wa kuwasaidia. Tumebishana hilo hadi saa nane usiku. Huo ndio ubishi ninaoutaka humu!

Mwisho, mnaosema haueleweki. Jay na rafiki yake Paul wanatembea mtaani wameshikana mikono. Nyuma yao, mbali kidogo, kuna mtu anakuja kwa miguu. Filamu inakatika. Mnataka mwambiwe nini zaidi? Paul hageuki, Jay hageuki.

Naomba yeyote aliyeiona nakala isiyotafsiriwa, kwenye skrini kubwa, taa zimezimwa, aje hapa aseme: yule msichana wa dirishani ulimwona kamera ilipozunguka mara ya kwanza au ya pili? Na yule wa mwisho barabarani, unadhani ni kile, au ni mpita njia tu? Wa kupeleka mbele mbele, tafadhali pisheni.