Gari la abiria limekataliwa kwenye ukaguzi kwa kasoro ndogo ndogo: nianze kutengeneza wapi?

Msafiri wa Malaba

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaendesha gari langu mwenyewe, Toyota HiAce ya abiria 14, kati ya Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, na Mbale kupitia Tororo. Juma lililopita nililipeleka kwa mkaguzi wa magari wa polisi ili nipate karatasi ya kuhuishia leseni ya kubeba abiria, nikiamini kwamba litapita kwa sababu injini haitoi moshi, gia zinaingia vizuri na breki ya mguu inashika sawasawa. Limekataliwa. Karatasi niliyopewa inasema kwamba taa ya breki ya nyuma kushoto ni hafifu, handbreki inashika upande mmoja tu, tairi la mbele kushoto limelika upande wa ndani, waipa ya dereva haifuti vizuri, na mikanda miwili ya siti za nyuma haifungi.

Fundi wa karibu na steji yetu ameshabadilisha swichi ya breki na balbu mbili, nami nimelipa, lakini taa ile bado inawaka kama mshumaa. Nikiwasha indiketa ya upande huohuo kisha nikakanyaga breki, indiketa nayo inalegea. Sijui kama inahusiana, lakini mwezi wa pili boda aliligonga gari kwenye kona hiyohiyo ya nyuma, likanyooshwa bodi na kupakwa rangi.

Dereva mwenzangu, kwa nia njema kabisa, amejitolea kuniazima matairi mawili ya mbele na mikanda kwa siku ya kurudia ukaguzi, ili leseni itoke kwanza na matengenezo yafuate polepole kadiri fedha zitakavyopatikana. Kila siku gari likisimama watoto wanakosa, kwa hiyo siwezi kusema kwamba wazo lake halinivutii. Naomba ushauri wa wanaojua: kwa fedha kidogo niliyo nayo, nianze na lipi?

Fundi Mzee, Tororo

Mdogo wangu, pole. Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu taa, kwa sababu hapo umeshatumia fedha bila sababu. Swichi ya breki hupeleka umeme kwenye taa zote mbili za breki za nyuma. Kama taa ya kulia inawaka vizuri, swichi haikuwa na kosa, na fundi wako alipaswa kuliona hilo kabla ya kukupeleka dukani.

Jambo ulilolieleza mwenyewe, kwamba ukikanyaga breki indiketa inalegea, ndilo jibu. Taa za kona moja hurudisha umeme kwenye bodi ya gari kwa waya mmoja, ule tunaouita athi. Waya huo ukikosa kugusa chuma vizuri, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudia, hupita kwenye nyuzi za balbu jirani, na kila taa hubaki na nguvu kidogo. Sasa unganisha hayo na habari ya boda. Mtu aliyenyoosha bodi huenda alifungua bolti ya athi, akapaka rangi, kisha akairudisha bolti juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Nimekuta hivyo mara nyingi kwenye magari yaliyotoka kunyooshwa.

Kabla ya kufungua chochote, jaribu hivi: chukua waya mrefu kiasi cha mkono, ncha moja uiguse kwenye chuma cha kishikio cha balbu, ncha nyingine kwenye bolti yoyote safi ya bodi, kisha mwenzako akanyage breki. Taa ikiruka na kuwaka kwa nguvu, umepata ugonjwa. Tafuta bolti ya athi, kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu yake ili vumbi la murramu na maji ya kuoshea visiingie. Dawa yake ni kipande cha msasa tu. Wakati uko hapo, angalia pia kwamba balbu ya nyuzi mbili, ile ya wati 21 na 5, imeingia kwa upande wake. Vipini vyake havilingani kimo, na mtu akiilazimisha kinyume, taa ya kawaida huwaka sana na ya breki huwa hafifu.

Handbreki ndiyo inayonitia hofu zaidi kuliko yote, na naomba usimruhusu mtu aivute kebo tu ili ikaze. Ikishika upande mmoja, kuna sababu ndani ya dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki za gurudumu, ya upande wa pili, ama kebo yake imeshikwa na kutu. Fungua dramu zote mbili. Ukikuta breki shuu, yale mapande yanayobana dramu, zimelowa, nusa na uguse: mafuta mazito yenye harufu kali yametoka kwenye ekseli, maana yake sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, imekufa; majimaji mepesi ni mafuta ya breki, na hapo silinda ndogo ya gurudumu inavuja. Kama ni hiyo ya pili, basi hata breki yako ya mguu, hiyo unayoisifu, inapoteza mafuta taratibu. Tazama kikopo cha mafuta ya breki leo hii, usingoje kesho. Breki shuu zilizolowa hazikaushwi kwa petroli na kurudishwa. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja.

Kuhusu tairi, usinunue jipya kwanza. Tairi likilika ndani peke yake limeelekezwa vibaya, na jipya nalo litaliwa vilevile. Tazama la kulia. Kama nalo limelika ndani, mwelekeo wa magurudumu umepotea. Kama ni la kushoto pekee, inua gari kwa jeki, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza, huenda kuna kiungo cha mbele kilichochoka: boljointi, tairodi au bushi. Tengeneza hiyo, weka tairi, kisha piga alaimenti, yaani kurekebisha mwelekeo wa magurudumu. Ukigeuza mpangilio huo utalipa mara mbili.

Mama Teksi, Iganga

Kaka yangu, Fundi Mzee amemaliza habari ya spana. Mimi nataka kuzungumza juu ya hayo matairi ya kuazima, kwa sababu nimewahi kufanya jambo hilo na bado linaniuma.

Nina teksi mbili. Miaka michache iliyopita moja ilikuwa na matairi ya mbele yaliyokaribia kipara, na mimi, si dereva wangu, ndiye niliyeamua tuazime. Gari lilipita. Siku iliyofuata tulirudisha matairi kwa wenyewe na kufunga yale ya zamani, nami nikawa nimeweka ile karatasi kwenye pochi kana kwamba ndiyo inayoshika barabara. Haikupita wiki ya pili. Gari lilikuwa linatoka Kampala kwenda Jinja, mvua ikalishika ndani ya msitu wa Mabira, lori lililokuwa mbele likapunguza mwendo, dereva akakanyaga breki na gari likateleza kama limepakwa sabuni mpaka likaingia mtaroni upande wa kushoto. Mungu alisaidia, hakuna aliyekufa. Lakini nilipofika nilimkuta mwanamke mmoja amekaa kwenye majani, amemfunga mtoto wake kwa kanga yenye damu ya paji la uso, na alinitazama bila kunisemesha neno. Hakujua kwamba mimi ndiye mwenye gari, wala hakujua habari ya matairi. Mimi nilijua.

Mkaguzi hasafiri na gari lako, kaka. Wanaosafiri nalo ni hao abiria wa Malaba wanaokulipa nauli. Tena njia yako ina magari mengi makubwa ya mizigo yanayotoka mpakani, na dereva wa lori aliye nyuma yako hutegemea kuona taa ya breki ili ajue kwamba umesimama.

Kama fedha ni kidogo, zungumza na mwenzako huyo mwenye moyo mzuri akukopeshe bei ya tairi moja badala ya tairi lenyewe. Mikanda ya mitumba iliyo nzima inapatikana katika soko la Kisekka, Kampala. Ivute kwa ghafla kabla hujalipa, na kama haijikazi, iache.

Dereva wa Mbale

Naongeza machache. Kwenye ubavu wa tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu 4 za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na kashata, yale meno yanayoshika barabara, ndefu na bado limekauka kwa uzee. Ndani ya mifereji kuna vinundu vyenye kimo cha milimita 1.6, kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha.

Waipa ni mpira tu, ubadilishe, usipoteze muda hapo. Lakini kabla ya kurudi ukaguzi, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani jioni, mahali tambarare, uwashe taa za chini. Mstari wa juu wa mwanga uwe umeshuka kama sentimita 10 kuliko kimo cha taa zenyewe. Hazikuandikwa kwenye karatasi yako safari hii, ila ukibadilisha bushi za mbele gari hubadilika mkao kidogo, na ni vibaya kurudishwa tena kwa jambo jipya. Angalia pia kizima moto na pembetatu za kuakisi.

Msafiri wa Malaba

Wazee wangu, na dada yangu wa Iganga, asanteni sana. Leo asubuhi nimejaribu ule waya na taa imewaka mpaka kondakta wangu akapiga kelele. Bolti ya athi tumeikuta nyuma ya plastiki ya ndani, kwenye kona ileile, imefungwa juu ya rangi nyeupe mpya bila hata mkwaruzo.

Dramu ya kushoto ilikuwa imelowa. Ni mafuta ya breki, na kikopo kilikuwa kimeshuka chini ya alama ya mwisho. Sikuwa nimekifungua tangu Pasaka. Nimeagiza silinda na breki shuu za pande zote mbili, na gari limesimama mpaka zifike. Tairi la kulia ni zima, la kushoto linacheza likishikwa juu na chini, kwa hiyo boljointi inafuata. Mwenzangu nimemweleza habari ya matairi yake; amenyamaza kidogo, kisha ameniambia atanikopesha nusu ya bei, na kwamba kesho na yeye anainua gari lake kwa jeki.