Damu ya mzima ya nini katika utafiti wa ugonjwa wa misuli?

Mjomba wa Matondoni (Lamu)
Assalaam alaykum. Mpwa wangu wa miaka 13 akiinuka kutoka kwenye sijida hujishika magoti, kisha mapaja, kama anayeupanda mwili wake mwenyewe, na dada yake ameanza vivyo hivyo. Wazazi wao ni watoto wa ndugu wawili na hawaugui. Watafiti wameomba damu ya ukoo wote, nao wazee wanauliza damu ya mzima ni ya nini.

Mwalimu wa Malindi
Wa alaykum salaam. Mahali pa jeni yenye kasoro hapajulikani, basi hufuatwa alama za DNA ambazo mahali pake kwenye kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, panajulikana. Ninyi mwaujua ukili: ukiwa na madoa mawili ya rangi kisha ukakatwa popote, madoa yaliyo karibu aghalabu hubaki kipande kimoja. Kromosomu nazo hukatika na kubadilishana vipande mbegu za uzazi zinapoumbwa, kwa hiyo alama inayorithiwa daima pamoja na ugonjwa ni jirani wa jeni. Lakini wagonjwa wote wakiwa na alama moja, huenda ni alama ya ukoo mzima tu. Wazazi wasiougua wakizaa wagonjwa, yaelekea mgonjwa amerithi nakala mbili za jeni yenye kasoro, moja kwa baba na moja kwa mama; ndugu zao wazima ndio watakaoonyesha kama asiyeugua hakuzirithi zote mbili pamoja na alama zake. Kwa desturi, ujirani haukubaliwi mpaka matokeo yaelezeke kwa huo ujirani mara 1,000 zaidi kuliko kwa bahati tupu.

Msomaji, Langoni
Katika kisiwa cha Réunion, humu humu Bahari ya Hindi, udhaifu wa misuli ya nyonga na mabega ulionekana mwaka 1991 kufuatana na alama za kromosomu ya 15, na jeni yenyewe, ya kalpaini-3 (protini ya misuli), ikatambuliwa mwaka 1995. Ilitarajiwa kasoro moja kutoka kwa babu mmoja, zikakutwa kadhaa. Kwa hiyo msiharakishe kumtaja babu yeyote.

Mjomba wa Matondoni (Lamu)
Shukran. Katika orodha tuliyoandika yumo ndugu yetu wa kunyonya, maana kwetu ni ndugu kamili. Abaki?

Mwalimu wa Malindi
Aandikwe kando, na ielezwe wazi kuwa ni wa kunyonya. Maziwa huharamisha ndoa lakini hayapitishi kromosomu, na akihesabiwa kuwa wa damu, alama zake zitaonekana kama zimekatika mahali ambapo hazikukatika, na jeni itatafutwa pasipo pake.